Bendera yangu ya kwanza ilidhaniwa ni shuka limeanikwa

Kuna mama mmoja aliniuliza swali ambalo mpaka leo likinijia nacheka peke yangu. "Samahani kaka, lile shuka mbona mmelianika juu hivo?" Na hakua anatania, alikua kweli anataka kujua. Sasa lile shuka lilikua bendera. Niliichora mimi, wiki tatu nzima, na siku hiyo ndo ilikua inapandishwa mara ya kwanza mbele za watu.

Ngoja nianzie mwanzo. Mi ni mtu wa grafiki, natengeneza mabango, vipeperushi, kadi, majalada, vitu vya namna hiyo, kwahiyo kikundi chetu cha baiskeli kilipoamua kinataka bendera ya kutangulia kwenye misafara wala hawakujadili sana nani achore. Nikaambiwa wewe kijana si unajua kompyuta, tutengenezee kitu cha maana. Nikajisemea bendera ni nini kwani, si nembo tu unaibandika kwenye kitambaa? Hapo ndo nilipopotea, kwenye hiyo "tu".

Kila mjumbe akaleta lake. Mwenyekiti anataka mwaka wa kuanzishwa uonekane, katibu anataka kaulimbiu, mweka hazina anataka mikono miwili inayoshikana maana ndo yeye aliyepatanisha ule ugomvi wa mwaka wa pili, vijana wanataka baiskeli ya mashindano sio ile ya kubebea mizigo. Nikaweka vyote, sikutaka kumuudhi mtu. Katikati duara kubwa, ndani yake baiskeli yenye spoku zote 32 kila gurudumu (nilizihesabu kwenye baiskeli yangu, we acha tu), nyuma yake milima miwili na jua linachomoza, juu jina kamili la kikundi limejipinda kufuata duara, chini utepe wenye kaulimbiu ya maneno saba, pembeni mikono, mwaka chini ya mikono, na nyuma ya vyote hivo rangi inayoanza bluu inafifia taratibu mpaka inakua zambarau. Kwenye skrini iling'aa sana. Nikairusha kwenye grupu, watu wakamimina makofi.

Siku ya siku ikapandishwa kwenye mlingoti kama wa mita sita. Upepo ulikuwepo dakika za mwanzo alafu ukatulia. Ulipokuwepo, mtu aliyesimama mita 30 aliona duara lenye uchafu uchafu katikati, kama doa la chai. Waliokua upande wa pili waliona jina la kikundi limeandikwa kinyumenyume, maana kitambaa kiliprintiwa upande mmoja na wino ukapenya, na mwenyekiti wetu na wageni wake walikua wamekalishwa huko huko upande wa pili. Upepo ulipotulia ndo ikawa mbaya kabisa, kitambaa kikaning'inia, nembo yote ikamezwa na mikunjo, kikabaki kipande cha zambarau kinalala kwenye mlingoti. Ndo hapo yule mama akaja na swali lake.

Baadaye nilikuja kujua kwamba watu wanaofuatilia mambo ya bendera kule Marekani wana utani wao unaofanana na swali la yule mama, wanaziita bendera za namna yangu muhuri juu ya shuka. Majimbo mengi ya kwao kwa miaka na miaka yamekua na bendera ya bluu yenye muhuri wa serikali katikati, ukizisimamisha pamoja hata mwenyeji anakwama kusema ipi ni ya wapi. Minnesota na Utah wamebadilisha za kwao mwaka 2024 hivi. Na kuna mji wa Pocatello, jimbo la Idaho, ambao mwaka 2004 chama cha wataalamu wa bendera cha Amerika Kaskazini, NAVA, kilipopigisha kura bendera za miji 150 ya Marekani, wao ndo walishika mkia. Bendera yao ilikua ni logo imebandikwa kwenye kitambaa cheupe, ina maandishi, na mpaka ile alama ndogo ya haki ya kibiashara ilikuwemo. Niliiangalia picha yake kwa muda mrefu kidogo, maana nilijiona mwenyewe mle. Walikuja kubadilisha 2017.

Lakini aliyenifundisha hasa sio hao, ni fundi cherehani.

Nilimwendea kwa sababu nilidhani tatizo ni saizi. Nikamwambia mama shikamoo, naomba hii nembo uikuze mara mbili, na ikiwezekana uidarizi ili isififie. Akaitandaza mezani, akavaa miwani, akaisoma yote, kweli aliisoma kuanzia juu mpaka kwenye utepe, alafu akaniangalia. "Mwanangu, wewe umeniletea barua. Mimi nashona bendera."

Akachukua ile bendera akaitundika kwenye msumari ukutani kwa kona moja tu ya juu, ikajikunja ikalala. "Haya, nisomee hapo ulipo." Sikuweza kusoma kitu. Akaishika upande wa mbali akawa anaitikisa kama upepo, "sasa je?" Naona rangi inapita, duara linajipinda, basi. Akasema kitambaa kikiwa juu hakisimami hata sekunde moja ukakisoma, kwahiyo anayepita barabarani anaondoka na vitu viwili tu, rangi na umbo, hivo vingine vyote nimejichorea mwenyewe.

Maneno yale yaliniuma kidogo maana ni kweli. Mi siku zote nafanya kazi za karatasi na skrini, mtu anashika kipeperushi anakisoma, anakirudia, akitaka anakivuta kwa vidole kinakua kikubwa. Bendera huwezi kuivuta kwa vidole. Inaonekana kwa mbali, inacheza, inaonekana pande mbili, jua likiwa nyuma yake inaonekana pande zote mbili kwa pamoja, na anayeiangalia yuko kwenye safari zake, hana mpango wa kusimama umweleze.

Kurudi nyumbani nikafanya hesabu ambayo ningeifanya mwanzo ningeokoa wiki tatu. Bendera ya sentimita 90 kwa 150 ukiwa mita 30 kutoka ilipo, jicho linaiona sawasawa na kikaratasi cha sentimita 1.2 kwa 2 ukikishika sentimita 40 mbele ya uso. Ni kama ukucha wa kidole gumba! Nikakata vikaratasi vya saizi hiyo nikajaribu kuchora dizaini yangu kwa peni ya kawaida. Spoku 64 kwenye ukucha, hebu jaribu. Tangu hapo kila wazo la bendera nalianzia kwenye kikaratasi hicho, kisichochoreka pale hakiendi kwenye laptopu, na nakwambia hiyo peke yake inakuokoa kwenye makosa kama nusu hivi bila kusoma kitu chochote.

Alafu fundi akanifungulia suala la pande mbili. Nilikua najua nyuma inakua kinyume, kichwani nilijua, ila sikuwahi kulihesabu kama sehemu ya dizaini. Akanieleza ukitaka maandishi yasomeke pande zote lazima ushone vitambaa viwili mgongo kwa mgongo, na katikati kingine cha kuzuia mwanga usipitishe, hapo tayari bendera ni nzito kama blanketi, upepo mdogo hauinyanyui. Nchi zenye sababu yao wanafanya hivo, Saudi Arabia kwa mfano bendera yao ina shahada na inatakiwa isomeke sawa pande zote, kwahiyo inatengenezwa kwa pande mbili zinazounganishwa. Wao sababu wanayo. Mimi nilikua na kaulimbiu ya baiskeli.

Na mfano ulionigusa zaidi ni Bangladesh. Bendera yao ya 1971, ya wakati wa vita vya uhuru, ilikua na ramani ya nchi kwa rangi ya njano ndani ya duara jekundu. Mwaka 1972 wakaitoa ramani, likabaki duara jekundu kwenye kijani, na moja ya sababu zinazotajwa ni hii hii, kwamba ramani ilikua ngumu kuchorwa sawa pande zote mbili. Fikiria, watu wametoka vitani, ile ramani ndo nchi yenyewe waliyoipigania, na bado wakaitoa ili kitambaa kifanye kazi yake. Mi nilikua nabishana na fundi juu ya spoku.

Basi, rangi. Hapa ndo nilijua sijui. Kwenye kompyuta rangi ni nyingi mpaka unachoka, dukani fundi ana majora ya kitambaa na majora yana bluu mbili, basi. Ile bluu yangu iliyokua inang'aa haipo duniani, ilikua ni mwanga wa skrini. Na ile ya kufifia kwenda zambarau fundi aliicheka waziwazi, akaniuliza huo ufifiaji anaushona na uzi gani. Na hata ukiprinti badala ya kushona, jua linaanza kula rangi mapema tu, na haziliwi kwa kasi moja, kwahiyo baada ya muda ufifiaji wako unakua mwingine kabisa na hukuuchora wewe.

Akatandaza vipande vya vitambaa mezani, bluu, nyekundu, nyeupe, njano, kijani, nyeusi, akasema chagua viwili, ukinibembeleza vitatu. Nikachagua bluu na nyekundu. Akavibandika kwa pini ubavu kwa ubavu, akaniambia nenda kasimame kule mlangoni mwisho, angalia na ukunje macho kidogo. Vikagandana. Yaani ule mstari wa kukutania ukapotea, bluu na nyekundu vyote ni vya giza, kwa mbali vinakua kitu kimoja. Akachukua utepe mweupe mwembamba, kama vidole viwili, akauweka katikati. Hee. Kama mtu kawasha taa.

Nilipoenda kusoma nikakuta hilo jambo la utepe ni la zamani sana, watu wa nembo za Ulaya karne nyingi zilizopita walikua na kanuni kwamba rangi zao ziko makundi mawili, njano na nyeupe walizihesabu kama madini, dhahabu na fedha, na zilizobaki kama nyekundu, bluu, kijani na nyeusi ndo rangi, na huweki rangi juu ya rangi wala madini juu ya madini. Haikua urembo, ni suala la kutambuana kwa mbali. Ukishalijua unaanza kuliona kila mahali. Bendera ya Kenya ina nyeusi, nyekundu na kijani, zote nzito, ila katikati yake zimepita tepe nyeupe zikazitenganisha. Ya Tanzania ule mkanda mweusi wa mshazari umewekewa njano kila upande usigandane na kijani wala bluu. Hata Whitney Smith, huyo ndo alitunga jina lenyewe la hii taaluma ya bendera, alipochora bendera ya Guyana ule mstari mweusi na mweupe wa kutenganisha haukuwemo, uliongezwa baadaye na watu wa ofisi ya nembo ya Uingereza. Kwahiyo sikujisikia vibaya sana, na wakubwa wanasahihishwa.

Mbinu ninayotumia siku hizi, ichore dizaini yako, ipige picha na simu, geuza picha iwe nyeusi na nyeupe. Kama rangi mbili zinazopakana zimetoka kijivu kimoja, una tatizo. Jioni jua likizama macho yetu yanaona karibu hivo hivo, na kuna watu, hasa wanaume, ambao nyekundu na kijani kwao hazitofautiani mchana kweupe.

Sasa ngoma ilikua kurudi kwenye kamati.

Nilijua nikiwaambia tunatoa mwaka, tunatoa jina, tunatoa mikono, nitaliwa mzimamzima. Kwahiyo sikusema kitu, nikagawa karatasi na penseli, nikawaambia wazee wangu kabla hatujaanza naomba kila mmoja achore bendera yetu ya sasa kwa kichwa, bila kuangalia simu, dakika mbili. Tulikua watu kumi na moja. Hakuna aliyeweza. Mwenyekiti alichora baiskeli ikielekea kulia wakati ilikua inaelekea kushoto, katibu alisahau milima, mmoja aliweka tai ambaye hajawahi kuwepo, na mweka hazina, mwenye mikono yake, alisahau mikono. Alipogundua alinyamaza muda mrefu. Na mimi pia nilichora, nikasahau mwaka upo wapi, na ndo mimi niliyeiweka pale.

Kikao kililainika baada ya hapo. Nikawaambia mtoto anayejua kushika penseli inabidi aweze kuichora bendera yetu bila kuangalizia. Bendera ya jimbo la Alaska ilichorwa na mtoto wa shule kwenye shindano la mwaka 1927, nyota nane za njano kwenye bluu iliyokolea, kundi la nyota la Dubu Kubwa na nyota ya kaskazini, basi, na mpaka leo inapepea na inasifiwa.

Tukabishana maana. Hapa nina msimamo wangu na najua wengine hawakubali, mi naona watu wanapoteza muda mno kwenye maana za rangi. Nyekundu damu, kijani ardhi, bluu maji au anga, nyeupe amani, zungusha dunia nzima utakuta maelezo ni hayo hayo. Katibu alikuja na ukurasa mzima unaoeleza kila rangi inabeba nini, maneno mazuri, ila nikamuuliza dada, huu ukurasa utakua umebandikwa chini ya mlingoti? Bendera isiyoeleweka bila karatasi ya maelezo hiyo bado ni barua, nikaazima neno la fundi. Maana kubwa inaingia watu wakishaibeba. Kanada walipopandisha ile ya jani jekundu tarehe 15 Februari 1965 walikua wametoka kwenye mabishano makali, kuna watu walikua wanailia ya zamani, leo nani anaweza kuifikiria Kanada bila lile jani? Na kuna kitu nilikipenda kwenye jani hilo, lina ncha 11. Jani la kweli la mti ule lina ncha nyingi zaidi ya hizo, ila walijaribu michoro kwenye mashine ya upepo wakaona lenye ncha 11 ndo halichafuki likipepea. Yaani walilichonga jani mpaka likawa la kitambaa.

Tukafika hapa: kitu kimoja tu, gurudumu. Halina spoku wala tairi zenye meno, ni pete nyeupe. Pete haina mbele wala nyuma, ukiiona upande wowote ni ile ile. Baiskeli nzima haikuhitajika, kila mtu anajua sisi ni watu wa nini. Mikono je? Nikamwambia mweka hazina ule utepe mweupe unaozishika bluu na nyekundu zisigombane ndo mikono yako mzee. Aliniangalia kama ananitilia shaka, alafu akatabasamu akasema haya.

Kwa haraka yangu nilichora kwanza ile ya bluu juu nyekundu chini nusu kwa nusu, pete bado haijakaa, nikaituma kwenye grupu wazoee rangi. Kijana mmoja akajibu palepale, "kaka hii si Haiti?" Nikacheka, alafu nikakumbuka kisa cha Olimpiki ya Berlin 1936, Haiti na Liechtenstein walifika pale kila mmoja na bendera yake ya bluu juu nyekundu chini, ndo wanagundua wanafanana. Mwaka uliofuata Liechtenstein wakaongeza taji la dhahabu kwenye ile bluu, kwenye kona ya upande wa mlingoti, wakamaliza mambo. Sisi pete yetu ikafanya kazi ya lile taji, na nikaipanua bluu ichukue kama theluthi mbili. Kufanana huko kunatokea kirahisi, Romania walipotoa nembo katikati ya bendera yao mwaka 1989 wakajikuta wamefanana na Chad karibu kabisa, tofauti ni bluu iliyokolea kidogo tu. Kwahiyo kabla hujapenda sana kazi yako tafuta kwanza kama haijaliwa na mwingine, maana ukishaipenda hutatafuta tena, utakua unatafuta sababu za kusema hazifanani.

Kuna mjumbe alisoma sana baada ya kile kikao, akarudi na swali zuri, mbona Brazil wana maandishi, mbona Afrika Kusini wana rangi sita, na bendera zao zinapendwa? Swali halali kabisa. Ya Afrika Kusini nimeikalia sana. Ilitengenezwa mbiombio mwaka 1994 baada ya maelfu ya michoro ya wananchi kukataliwa, Frederick Brownell akaichora, ikaanza kupepea tarehe 27 Aprili siku ya uchaguzi. Rangi sita kweli, ila jicho linaona umbo moja tu kubwa, njia mbili zinazoungana kuwa moja, na kila rangi nzito imetengwa na nyepesi. Wamevunja kanuni moja kwa kuzishika nyingine kwa nguvu. Brazil ukiwa mbali yale maandishi huyaoni, unaona kijani, pembe nne ya njano, duara la bluu, na hizo peke yake zinatosha, ukiyafuta maandishi bado ni Brazil. Yangu ukifuta maandishi ilikua inabaki doa la chai.

Na la kupigisha kura kwa kila mtu, tulilikwepa kwa makusudi. New Zealand walikaribisha michoro ya umma wakapata 10,292, wakachuja, wakapiga kura mara mbili, na Machi 2016 zaidi ya asilimia 56 wakasema bakini na ya zamani. Hata sisi kumi na moja tungeshindwa.

Pete nimeiweka wapi? Nilitaka katikati, kama mtu yeyote. Fundi akakataa, akasema leta huku kwenye mlingoti. Sababu ya kwanza nilishaiona kwa macho yangu, upepo ukitulia upande wa mlingoti ndo unaobaki unaonekana, huko kwingine kunalala. Sababu ya pili, kitambaa kikipepea ule upande wa mbali unajikunja na kuonekana mfupi kuliko ulivyo, kwahiyo kitu kilichosogezwa kidogo kwenye mlingoti jicho linakiona kama kiko sawa. Duara la Bangladesh limesogezwa hivo hivo. Wafaransa kwenye bendera ya jeshi lao la majini mistari mitatu hawakuifanya sawa, bluu ni 30, nyeupe 33, nyekundu 37 kati ya mia, ili ikiwa baharini inapepea ionekane sawa. Nilipomwambia fundi hizo namba akasema ndio, ndo maana yake, kama vile anajibu kitu cha kawaida kabisa.

Ilishonwa kwa siku moja na nusu. Nilikaa pale nikiangalia. Pete hakuichapa, aliikata kwenye kitambaa cheupe, akaibandika kwa pini juu ya bluu, akaizungushia mshono wa zigizaga taratibu akigeuza kitambaa kwa mkono wa kushoto, alafu akaigeuza bendera nyuma na kwa mkasi mdogo wenye ncha akaikata ile bluu iliyokua nyuma ya pete, akaacha nyeupe peke yake, ili jua likipita pande zote pete iwe nyeupe na sio ya bluubluu. Roho ilinitoka alipoingiza ule mkasi, kosa moja umetoboa pete. Yeye alikua anaongea na mtu mwingine wakati huo huo. Upande wa mbali akapinda mara mbili na kushona mistari minne, akasema huku ndo upepo unapoanzia kula.

Tulipoipandisha nilikwenda kusimama mbali kabisa, ng'ambo ya barabara, sikutaka kusimama na wajumbe. Upepo ulikua wa kawaida. Bluu, utepe, nyekundu, pete. Upande wa pili hivo hivo. Hakuna aliyeniuliza kitu, na kwa siku hiyo hiyo ilikua furaha. Wiki kadhaa baadaye nikakuta mtoto wa mjumbe mmoja ameichora kwa chaki ukutani, rangi alikua nayo nyeupe tu, mstari na pete upande wa kushoto, na niliijua.

Fundi alisema kweli kuhusu upepo. Baada ya miezi kama saba nyuzi zikaanza kuchomoka upande ule wa mbali, nikampelekea, akakata sentimita nane akapinda upya, ikarudi mlingotini na hakuna aliyegundua, maana pete iko upande wa mlingoti, huko mbali hakuna kitu cha kupotea. Ile ya kwanza ningekata ningeanza kula mikono ya mweka hazina. Tumeshaikata mara tatu sasa, ilianza na 150 iko kwenye 126, na majuzi fundi akanionya ikifika mraba nimletee kitambaa kipya. Nikamwambia mama, Uswisi ya kwao ni mraba na hakuna anayewacheka. Akacheka kwa pua, akaukata uzi kwa meno, akanirushia bendera yangu.